Kemilembe na Ugonjwa wa Malengelenge

Mwaka 1989, katika kijiji kimoja karibu na Kimuli, wilayani Karagwe, aliishi mama mmoja aitwaye Kemilembe. Mume wake aliitwa Telesfori. Walikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na humo ndimo walimopata chakula na riziki yao. Mtoto wao wa kwanza, Projest, alikuwa ameanza shule. Wa pili, Kokuhirwa, alikuwa bado ananyonya. Bibi Eustadia, mama yake Telesfori, aliishi nao.

Kemilembe aliamka kabla ya wengine. Alitandaza mikeka uani, akaanika kahawa. Kisha alimfunga Kokuhirwa mgongoni na kwenda kibanjani kukata ndizi. Mtoto huyo alipenda kushika sikio la mama yake. Alilishika akinyonya, alilishika akisinzia. Hata alipobebwa mgongoni alinyoosha mkono kulitafuta.

"Huyu atakung'oa sikio, mwanangu," bibi Eustadia alisema akicheka.

"Acha aling'oe, mama. Nina jingine."

Mwezi wa Juni Kemilembe alianza kuumwa mdomo. Alidhani ameungua na ndizi za moto. Lakini siku zilipita na vidonda havikupona. Vilienea kwenye fizi, vikafika kooni. Chumvi ilimchoma. Hata maji ya kunywa yalimuuma. Wenzake walipokula, yeye alimega kidogo, akasema ameshiba.

Telesfori aliona. Kemilembe alijua anachowaza. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Polikarpi, mdogo wake Telesfori. Polikarpi naye alianza na vidonda vya mdomoni. Alikonda, akaharisha, akafa kwa ukimwi. Wakati huo ukimwi uliua watu wengi Kagera, na kila nyumba ilikuwa na msiba wake. Bibi Eustadia ndiye aliyemuuguza Polikarpi mpaka mwisho. Tangu hapo, mtu akikohoa tu nyumbani, bibi aliacha kazi na kumtazama.

Siku moja Kemilembe alikuwa anaoga. Aliona malengelenge kifuani, makubwa, laini, yamejaa maji. Alipopitisha kitambaa, ngozi ilitoka kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Chini yake palikuwa pekundu, panachuruzika maji.

"Baba Projest," aliita. "Njoo uniangalie mgongo."

Telesfori alikuja. Alisimama nyuma yake.

"Kuna nini?"

"Yapo na mgongoni," alisema Telesfori. Hakumgusa.

Jirani mmoja aliwashauri wayapasue na kupaka dawa ya majani yaliyopondwa. Walifanya hivyo. Dawa ilikauka ikagandamana na kidonda. Walipoibandua, ngozi nayo ilitoka. Kemilembe alilia kwa maumivu, na baada ya hapo hakutaka tena mtu amsogelee, ila Kokuhirwa tu, ambaye bado alimfunga mgongoni juu ya kitambaa laini.

Jioni ya siku iliyofuata Telesfori alisafisha jiko la zamani lililokuwa nyuma ya nyumba. Alitandika nyasi, juu yake mkeka. Kisha akamfuata mke wake uani.

"Mama Projest, utalala kule. Ni kwa muda tu, mpaka tujue."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakaa na mama."

"Bado ananyonya."

"Mama atamkorogea uji." Telesfori aliinama, akatazama mikono yake. "Tumemzika Polikarpi. Sitaki kumzika na mtoto."

Kemilembe hakubishana naye. Yeye mwenyewe aliogopa. Aliyaona yale malengelenge karibu na kwapa, mahali ambapo kichwa cha mtoto kililala wakati wa kunyonya. Alijiambia kwamba mama mwema huweka ugonjwa mbali na mwanawe. Basi alimfungua Kokuhirwa mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi kwa bibi. Mtoto aligeuza kichwa, akanyoosha mkono. Kemilembe alirudi nyuma ili usimfikie.

Akiwa kule jikoni aliweza kusikia kila kitu. Alisikia Projest akisoma kwa sauti. Alisikia bibi akiimba wimbo wa kubembeleza. Zaidi ya yote alimsikia Kokuhirwa akilia. Kila mtoto alipolia, maziwa yalitoka yenyewe, yakalowesha nguo, yakachoma vidonda. Chakula chake kiliachwa mlangoni juu ya jani. Aliyekileta alikuwa anaondoka kabla yeye hajafika mlangoni.

Baadaye kilio cha mtoto kilipungua. Bibi Eustadia alipita nje akasema, "Ameanza kuzoea, mwanangu. Halii tena sana."

Kemilembe alitaka kuamini hivyo.

Katika zahanati ya kijiji alikuwapo muuguzi aliyeitwa Vestina. Watu walimwita sista Vestina. Aliona kwamba Kokuhirwa hakuletwa kliniki kupimwa uzito, naye hakuwa mtoto wa kukosa. Akaja nyumbani kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, sista. Karibu," alijibu bibi Eustadia. Alikuwa amempakata mtoto.

Vestina alimtazama mtoto, na uso wake ukabadilika. Macho ya Kokuhirwa yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa mikavu. Vestina aliifinya ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia. Ilibaki imesimama.

"Anaharisha?"

"Tangu juzi. Na jana alitapika."

"Anakula nini?"

"Uji. Na maji nikiona ana kiu."

"Maji hayo mnayachemsha?"

Bibi aliutazama mtungi. Maji yalitoka bondeni, yakawekwa humo, yakanywewa hivyo hivyo.

Vestina hakumgombeza. Aliomba moto uwashwe na maji yachemshwe. Yalipopoa kidogo, alipima lita moja. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Akakoroga.

"Mpe kidogo kidogo, kwa kijiko. Akitapika, subiri kidogo, umpe tena. Mtoto anayeharisha anakauka, na kukauka ndiko kunakoua. Mama yake yuko wapi?"

Bibi alionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Vestina aliingia katika lile jiko bila kusita. Harufu ya vidonda ilikuwa kali. Aliketi juu ya nyasi, akamshika Kemilembe mkono. Tangu alipohamishiwa huko, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa. Kemilembe alitaka kuuvuta mkono.

"Usiniguse, sista. Utaambukizwa."

"Hata kama ungekuwa ukimwi, ukimwi hauambukizwi kwa kushikana mikono. Wala kwa kula pamoja." Vestina aliyaangalia malengelenge kwa makini. "Sitakudanganya. Sijui huu ni ugonjwa gani. Wagonjwa wa ukimwi nimewaona wengi, na malengelenge ya namna hii sijayaona kwao. Tusiupe jina kabla hujapimwa. Lazima uende hospitali. Na mtoto aende leo hii."

Telesfori aliita majirani. Walifunga machela ya miti na blanketi. Kemilembe alipolazwa juu yake aliuma meno, maana mgongo wote ulikuwa kidonda. Wanaume wanne walimbeba. Bibi Eustadia alitembea mbele na mtoto. Vestina alikwenda kando yake akimpa yale maji kwa kijiko. Walikusudia kufika barabarani kabla lori la kahawa halijapita.

Njia ilipanda kilima. Jua lilikuwa kali. Kemilembe aliona anga tu na migongo ya wale waliombeba. Ghafla walisimama.

"Mbona tumesimama?" aliuliza.

Wanaume walikuwa wanatazama mbele.

"Baba Projest, mbona tumesimama?"

Alimsikia Vestina akisema jambo kwa sauti ya chini. Kisha alimsikia bibi Eustadia akiketi njiani kwa kishindo.

"Niwekeni chini," alisema Kemilembe.

Walimweka chini. Telesfori alikuja kwake, na uso wake ulieleza yote.

"Nipeni mwanangu."

Watu walitazamana. Mmoja wa wanaume alisema taratibu kwamba labda si vizuri, kwa ajili ya ule ugonjwa.

"Sasa atapatwa na nini tena?" alisema Vestina. Alimchukua mtoto kwa bibi, akamlaza ubavuni kwa mama yake.

Kokuhirwa alikuwa bado na joto. Kemilembe alimvuta karibu. Aliuchukua ule mkono mdogo, akauweka kwenye sikio lake, akaufunika kwa kiganja. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakupiga kelele. Wanaume walivua kofia, wakasimama pembeni ya njia.

Telesfori alirudi nyumbani na mtoto kwenda kumzika. Kemilembe alipelekwa barabarani, akapandishwa lori. Hakuwepo mwanawe alipowekwa kaburini.

Katika hospitali ya misheni alipokewa na daktari Byabato, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Daktari alipima damu yake. Alikata kipande kidogo cha ngozi, akakipeleka Mwanza kikaangaliwe kwa darubini. Wakati wakisubiri, wauguzi walimsafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Hawakutandika shuka moja kwa moja chini ya mgongo wake, maana shuka iligandamana na vidonda. Walitandika majani machanga ya mgomba. Yakishaoshwa vizuri na kupitishwa juu ya mvuke, yalikuwa laini na safi. Hayakumshika ngozi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alilala usingizi.

Majibu yalipofika, Telesfori alikuwapo. Daktari aliketi nao wote wawili.

"Mama, huna ukimwi. Una ugonjwa wa ngozi uitwao pemfigasi. Si wa kawaida. Mimi nimeuona kwa watu wachache tu."

"Nimeupata kwa nani?" aliuliza Kemilembe.

"Hukuupata kwa mtu. Umetoka ndani ya mwili wako. Baba, nyumba yenu imejengwa kwa miti?"

"Ndiyo, daktari. Miti na udongo."

"Miti umeifunga kwa nini?"

"Kwa kamba."

"Mtu akizikata zile kamba?"

"Ukuta utaachia."

"Ngozi nayo ni hivyo. Imejengwa kwa vitu vidogo mno, havionekani kwa macho. Tunaviita seli. Seli hizo zimefungwa pamoja kwa kamba ndogo za protini. Ndani ya mwili wa mama, kamba hizo zinaharibiwa. Seli zinaachana. Maji yanaingia katikati, na hilo ndilo lengelenge."

"Nani anaziharibu?"

"Walinzi wa mwili wako mwenyewe. Kila mtu ana walinzi katika damu. Wanaitwa kingamwili. Kazi yao ni kukamata wadudu wa magonjwa. Baba, huko kwenu kuna sungusungu wanaolinda kijiji usiku?"

"Wapo. Na mimi ni mmoja wao."

"Kukiwa na giza, unamtambuaje mtu wa kijijini?"

Telesfori alifikiri. "Kwa umbo lake. Kwa kofia, kwa mwendo."

"Na akibadilisha kofia na koti?"

"Anaweza kukamatwa. Tulishamkamata katekista wetu kwa sababu ya koti alilopewa na wageni. Tulimfunga kamba kabisa."

Daktari alitabasamu kidogo. "Kingamwili ni kama mkono unaoshika kitu kwa umbo lake. Sasa sikilizeni. Mwili ukishatengeneza protini, hauiachi hivyo. Huiongezea vitu vidogo juu yake, chembe za sukari hapa, madini pale. Huikunja mpaka ikae katika umbo lake. Kitu kimoja kikibadilika, umbo nalo linabadilika kidogo. Hapo mlinzi anaweza kuiona kamba ya nyumbani kama mgeni, akaishika kwa nguvu. Au kinyume chake, mahali alipozoea kushika pakibadilika, mkono wake unateleza. Kuna dawa nyingine zinazoweza kuleta mabadiliko hayo kwa watu fulani. Jua kali nalo huweza kuuchochea ugonjwa huu. Wataalamu wanaendelea kuchunguza."

"Na kwangu mimi kilibadilika nini?" aliuliza Kemilembe.

"Sijui, mama. Hapa hatuna chombo cha kuona jambo hilo, na hata wenye vyombo hawajajua yote. Ninachojua ni kwamba hukukosea kitu. Hakuna aliyekuloga. Na hukumwambukiza mtu."

 Kisha Kemilembe akauliza swali alilokuwa nalo tangu siku ya machela.

"Mtoto wangu angeendelea kunyonya, asingeupata?"

Daktari alimtazama Telesfori, kisha akamtazama yeye.

"Asingeupata, mama. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kunyonya, wala kwa kugusana, wala kwa kulala pamoja. Titi lenye kidonda lingepumzishwa, angenyonya lile zima."

Telesfori aliinuka, akatoka nje. Kupitia dirishani Kemilembe alimwona amesimama kando ya ukuta, amejifunika uso kwa kofia. Hakumwita.

Daktari alimpa vidonge vya prednisoloni. Aliwaeleza taratibu.

"Dawa hii inawatuliza wale walinzi. Utaanza na vidonge vingi, kisha nitavipunguza kidogo kidogo. Kazi ya kuvipunguza ni yangu, si yako. Usiviache ghafla hata ukijiona umepona. Mwili huzoea kupata dawa hii kutoka nje, ukaacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla unaweza kuzimia, hata kufa. Meza baada ya kula. Punguza chumvi. Tena, walinzi wakitulizwa, wezi wa kweli nao wanaweza kuingia. Ukipata homa, kikohozi au kidonda chenye usaha, njoo mara moja."

Kemilembe alirudi nyumbani na kulala tena katika nyumba kubwa. Telesfori alileta majani ya mgomba kila asubuhi. Yeye mwenyewe aliyaosha, akayatandika, akamsafisha mke wake mgongo. Malengelenge mapya yalikoma, na ngozi ikaanza kufunga.

Lakini moyo wa Kemilembe haukufunga. Kaburi la Kokuhirwa lilikuwa kibanjani, na udongo wake ulikuwa bado haujaota kitu. Kadiri ngozi ilivyopona, ndivyo Kemilembe alivyochukia kuitazama. Alijiuliza inapona kwa ajili ya nani. Basi akaanza kutupa vidonge. Alivitia mdomoni mbele ya mumewe, kisha akavitema chini ya migomba.

Haikuchukua muda. Malengelenge yalirudi shingoni na mapajani. Alitapika, akaishiwa nguvu, akawa akisimama anaona kizunguzungu. Siku moja alianguka mlangoni. Projest alikimbia zahanati kumwita sista Vestina.

Vestina alimkuta amelala, macho yamelegea. Alimtazama ngozi, akajua.

"Umeacha dawa."

Kemilembe hakukana.

"Kwa nini, mama Projest?"

"Ngozi yangu imemuua mwanangu. Unataka niilishe dawa?"

"Ngozi yako haikumuua. Mtoto aliharisha akakauka."

"Aliharisha kwa sababu hakunyonya. Hakunyonya kwa sababu nilimtoa mwenyewe. Sikunyang'anywa, sista. Nilimfungua mgongoni nikampa mtu."

Bibi Eustadia alikuwa ameketi karibu na mlango. Alisogea polepole mpaka kitandani.

"Uliyempa ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekoroga ule uji. Maji niliyachota mtungini bila kuyachemsha. Alipokuwa halii tena nilikwambia amezoea. Nilifurahi kwamba ametulia. Nimelea watoto wengi, na sikuona kwamba anakufa mapajani mwangu." Alishika ukingo wa kitanda. "Nimemzika Polikarpi. Nimemzika Kokuhirwa. Wewe ukitaka kunifanya nikuzike, sina nguvu za kukuzuia. Lakini Projest nitamwambia nini?"

Kemilembe alimtazama. Tangu msiba walikuwa hawajazungumza juu ya mtoto, wala kumtaja jina. Sasa walilia pamoja, bibi akiwa ameegemeza kichwa kitandani. Vestina alisubiri. Hakuwahimiza. Baadaye alileta maji, akampa bibi vile vidonge, na bibi akavitia mkononi mwa Kemilembe. Kemilembe alivimeza.

Walimrudisha hospitali siku hiyo hiyo. Daktari Byabato alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Kemilembe alikaa huko mpaka mvua za vuli zilipokwisha.

Tangu hapo mambo yalibadilika nyumbani kwa Telesfori. Maji yote ya kunywa yalichemshwa, na mtungi ulifunikwa. Kemilembe alifanya kazi zake asubuhi na jioni, jua likiwa dogo. Alikula ndizi zilizopondwa na uji uliopoa mpaka mdomo ukapona. Alikwenda kwa daktari kila alipotakiwa, na vidonge vikapunguzwa mpaka vikawa vichache. Uso wake ulivimba kidogo kwa sababu ya dawa, na watu wengine walimcheka. Makovu meusi yalibaki mgongoni. Lakini alikuwa hai. Alianika kahawa, alilima, alimwona Projest akimaliza darasa moja baada ya jingine.

Vestina alipokuwa akiwafundisha akina mama kliniki, alimwomba Kemilembe aje. Mwanzoni alikataa. Hakutaka kukaa mahali penye watoto wachanga wengi. Alipokwenda hatimaye, alisema maneno machache tu: kwamba alipata malengelenge, kwamba hayaambukizi, na kwamba mtu mwenye malengelenge makubwa yasiyopona aende hospitali kabla ya kuhukumiwa nyumbani. Habari za Kokuhirwa alizisema mwisho, kwa sauti ndogo.

Maneno hayo yalisafiri. Mwaka 1992 alikuja mwanaume mmoja kutoka upande wa Kaisho. Jina lake Fidele. Alikuwa kibarua katika mashamba ya watu, na wazazi wake walitoka Burundi.

"Mama, nimeambiwa wewe uliugua malengelenge ukapona."

"Sijapona kabisa. Bado nameza dawa. Nani anaumwa?"

"Mke wangu, Mukamusoni. Yameanza mdomoni, sasa yako mwili mzima. Watu wanasema tufukuzwe, maana sisi ni wageni, tumeleta laana."

"Ana mtoto?"

"Anaye. Mdogo."

Kemilembe alivua kanga ya kazi, akafunga nyingine. Telesfori alitoa baiskeli bila kuombwa.

Walimkuta Mukamusoni amelala peke yake juu ya mkeka, amegeukia ukutani. Kemilembe aliketi karibu naye, akamshika mkono. Mukamusoni alishtuka.

"Tazama," alisema Kemilembe. Alishusha kanga begani, akamwonyesha makovu. "Mimi si daktari. Sijui kama wako ni huu wangu. Kesho asubuhi utakwenda hospitali, mume wangu atasaidia kukubeba. Kwa sasa tafuteni majani machanga ya mgomba, muyaoshe kwa maji yaliyochemshwa. Msipasue kitu. Msipake kitu. Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani," alijibu Fidele. "Anapewa uji."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Mlete."

Fidele alisita. Akamtazama mke wake, kisha Telesfori.

"Nenda kamlete, ndugu yangu," alisema Telesfori. Sauti yake ilikuwa nzito. "Nenda upesi."

Mtoto aliletwa akilia. Kifua cha Mukamusoni kilikuwa na kidonda upande mmoja. Kemilembe aliangalia upande wa pili, akaona ni mzima. Alitandika kitambaa safi, akamweka mtoto hapo. Mtoto alitafuta, akapata, akanyamaza. Alinyonya kwa pupa mpaka akakohoa. Mukamusoni alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni.

Baadaye daktari alithibitisha kwamba ulikuwa ugonjwa ule ule. Mukamusoni alitibiwa, akapata nafuu. Mtoto wake aliota meno, akatambaa, akatembea.

Lakini siku ile ya kwanza, walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka kwa Fidele, Kemilembe alikuwa amekaa nyuma ya baiskeli na mume wake akiiendesha polepole kwa sababu ya mawe. Walipofika kwenye mteremko, Telesfori alihisi mgongo wake unalowa. Alisimamisha baiskeli. Kemilembe alikuwa analia, analia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya machela.

Telesfori hakumwambia anyamaze. Alimsaidia kushuka, akaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa njia, akaketi naye majanini. Watu waliotoka mnadani walipita wakawasalimu. Aliwaitikia wote kwa niaba yake, mpaka Kemilembe alipokuwa tayari kuendelea.